Kofia Zenye Sauti Nzuri

Siku mliyoniaga mlinikalisha kwenye kiti cha tajiri, mkanipa soda ya moto, mkaniita mzee mstaafu. Mstaafu gani ana meno yote na mama yake bado anamfokea? Lakini ndivyo ilivyo. Kifua ndicho kilichostaafu, mimi nimekifuata tu. Mmoja wenu akauliza, "Kaka Shija, sasa nani atatufundisha unga?" Nikasema nitaandika. Mkacheka, maana mnaujua mwandiko wangu, kama kuku kakanyaga gundi kisha kapita juu ya karatasi. Basi huu hapa. Mimi niliishia darasa la saba. Ukikuta kosa la herufi, liruke uendelee. Ukikuta kosa la kuchanganya unga, usiruke, njoo nyumbani tuongee.

Nilianza pale miaka ya sabini, wakati watu wengi wanahamishiwa vijiji vipya na mimi nimemaliza shule sina pa kuhamia. Karakana ilikuwa ileile, nyuma ya maghala ya pamba, ila bati lilikuwa jipya na mlango ulikuwa unafunga. Bwana Seif, baba yake huyu tajiri wenu, alikuwa mtu wa Shinyanga mjini, babu yake wa pwani, bibi yake Msukuma. Alitukana kwa Kiswahili cha pwani na kuomba radhi kwa Kisukuma. Alinipokea mlangoni, akaniangalia miguu hadi kichwa, akasema, "Nenda kwa Mama Kulwa. Akikukataa, usirudi kwangu."

Mama Kulwa alikuwa amekaa chini, mbele yake ndoo ya kitu cha manjano kinachong'aa. Nikamwamkia, shikamoo mama, akasema marahaba bila kuinua macho. Nikauliza hicho nini. Fundi mmoja akadakia, "Asali." Na mimi nilikuwa sijanywa chai. Nikachovya kidole. Kabla hakijafika mdomoni nikapigwa kofi la mkono, mpaka leo nalisikia. "Bebe, wewe! Unataka kufa siku ya kwanza? Ngoja hata wiki iishe." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa rezini, ule utomvu wa kiwandani unaoganda ukawa plastiki ngumu. Mpaka leo tunaiita asali, na mpaka leo kila mgeni anachovya kidole. Msiache kuwapiga kofi.

Akaniuliza jina. Nikamwambia Shija. Akaacha kukoroga. Kwetu, nyinyi mliotoka mbali hamjui, mapacha ni Kulwa na Doto, na mtoto anayefuata mapacha anaitwa Shija. Mama yangu alizaa mapacha, ndiyo nikawa Shija. Mama Kulwa naye alikuwa na Kulwa wake, binti, na Doto wake, mvulana, kisha mume akafariki na hakuzaa tena. Akasema, "Mimi nilizaa Kulwa na Doto, Shija hakuja. Kumbe alipotea njia. Kaa hapa ushike brashi." Nikakaa. Sikuinuka mpaka daktari aliponiinua.

Sasa unga. Mama Kulwa hakuwa fundi wa plastiki, alikuwa mfinyanzi wa vyungu kutoka Samuye. Bwana Seif alimwona sokoni akiuza vyungu, akamuuliza kwa nini vyake havipasuki jikoni. Akamjibu kwamba anatwanga vigae vya vyungu vya zamani, anachanganya unga wake kwenye udongo mbichi, udongo unapata mifupa. Bwana Seif alikuwa anahangaika na asali yake, inakauka inajikunja, beseni linatoka limepinda kama sikio la mbuzi. Akaona huyu ndiye. Akamleta.

Na kweli alikuwa ndiye. Alileta chokaa laini, akaianika juu ya bati mpaka ikakauka kabisa, akaichekecha kwa kipande cha pazia jepesi. Kilichobaki juu ya pazia, kitupe. Kilichopita, ndicho. Alikuwa anamwaga kidogo kidogo huku anakoroga, taratibu, ili asiingize hewa, na anasema, "Kila punje ivae koti. Ukiona punje iko uchi, umezidisha." Mimi nikamuuliza, na punje yenye makoti mawili? Akasema hiyo ina damu ya pwani kama tajiri. Bwana Seif alikuwa nyuma yetu. Alicheka, lakini siku hiyo tulitoka wa mwisho.

Unga kidogo, laini, mkavu, ulifanya maajabu. Beseni halikupinda tena. Lilisimama, ukalikalia. Tulitengeneza mabeseni, matangi ya maji, vifuniko vya mashine za pamba, hata paa la basi la mtu mmoja ambaye basi lenyewe lilikufa, paa likabaki, akafugia kuku. Kazi ilikuwa ile ile mnayoijua. Kalibu, ile ya kutolea umbo, inapakwa nta, nyuzi za kioo zinalazwa, asali yenye unga na dawa ya kugandisha inapakwa kwa brashi, nyuzi tena, asali tena. Nyuzi ndizo zinashika. Asali inazifunga. Unga unasaidia tu. Kwa ajili ya hiyo "tu" ndiyo nimekaa kuandika yote haya.

Wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Katoro ndio walioleta habari ya kofia. Walikuwa wanashuka kwenye duara, yaani yale mashimo yao ya kwenda chini, na kichwani wamevaa sufuria au hawajavaa kitu. Bwana Seif akatengeneza kalibu ya kofia. Ya kwanza nilivaa mimi, mafundi wakasema nimefanana na uyoga. Kuipima, tulikuwa tunavalisha boga, tunapanda ngazi, tunadondosha jiwe. Kazi ya maboga ilikuwa yangu na nilikuwa nayapa majina. Boga la siku hiyo likiitwa Bwana Seif, mafundi wote walikuja kuangalia. Kofia za wakati ule zilibonyea kidogo, jiwe linaruka pembeni, boga zima. Jioni Mama Kulwa anapika boga. Sijawahi kula maboga mengi hivyo, na sasa hivi sili.

Doto alikuwa anakuja karakana akimletea mama yake chakula. Alikuwa mrefu, mweusi, mikono mikubwa, na anacheka kabla hujamaliza kusema. Mimi aliniita mdogo wangu, maana Shija anamfuata Doto, ijapokuwa tulikuwa umri mmoja.

"Mdogo wangu, unanuka dawa mpaka mbwa wanakukimbia."

"Kaka, wewe unanuka mbuzi mpaka mbuzi wanakufuata."

Hapo Mama Kulwa atasema, "Nyamazeni, nakoroga." Kulwa alikuwa ameshaolewa Segese. Mama alikuwa amebaki na huyu mmoja nyumbani, na mimi wa kuokota.

Vita vile vya mwishoni mwa miaka ya sabini vilipokwisha, vitu vikaadimika. Mnaokumbuka mnakumbuka, sabuni yenyewe ilikuwa habari. Pipa la asali lililokuwa linakuja kwa treni likawa haliji, au linakuja nusu. Nyuzi nazo hivyohivyo. Na wachimbaji walikuwa wanaongezeka, kila siku mtu yuko mlangoni anataka kofia. Bwana Seif akaja akasimama mbele ya Mama Kulwa, kofia ya kitambaa mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafundi ambao jioni wanataka kula.

"Mama Kulwa, asali ndiyo hii. Tufanyeje?"

"Tuongeze unga, nyuzi tupunguze tabaka moja."

"Itavumilia?"

"Tutaigonga tuone."

Chokaa nayo ikaadimika. Wakaleta magunia ya marudio, ule mchanga wa mawe uliosagwa na kuoshwa mpaka dhahabu ikaisha. Ni wa bure, umerundikana kila mahali kule machimboni. Si kama chokaa. Una punje laini na punje nene humohumo, zenye makali. Tukachekecha kwa pazia, pazia likatoboka. Tukachekecha kwa gunia. Vumbi lilijaa karakana, unamsikia mwenzako anakohoa humwoni. Mimi nilikuwa napiga kelele, "Karibuni Ulaya, theluji inaanguka!" Watu wanacheka wanavuta vumbi. Nilikuwa mchekeshaji mzuri sana siku zile.

Sasa sikilizeni hapa. Chungu kinapimwa kwa kugonga. Mnunuzi wa Kisukuma akifika sokoni, anakiinua chungu kwa mkono mmoja, anakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikitoa sauti ya wazi, kizima. Kikitoa sauti bubu, kina ufa au hakikuiva, anakirudisha. Mama Kulwa alifanya hivyo tangu utoto wake, na mama yake, na bibi yake. Kofia ya kwanza ya unga mwingi ilipotoka kwenye kalibu, aliinua, akaigonga. Tiing! Kama kengele ya kanisa. Akaigonga ile ya zamani. Dup. Akaangalia huku, akaangalia huku. Tukadondosha jiwe. Kofia mpya haikubonyea hata kidogo, jiwe likaruka mbali, boga zima. Karakana nzima ikapiga makofi. Mama Kulwa alitabasamu kama mtu aliyeokota pesa kwenye nguo aliyoisahau.

Na wachimbaji walikuwa watoto wa mama walewale. Wote walijua kugonga. Kule sokoni Katoro walikuwa wanasimama wamezipanga, wanagonga moja moja, wanasikiliza kwa kichwa kilichoinama. Tiing, wanachukua. Dup, wanasukuma pembeni. Zile za zamani chache zilizobaki, zenye nyuzi nyingi na asali nyingi, zilirudi karakana na vumbi la safari. Mimi nikaziita kofia zilizolala usingizi. Moja niliitumia kuwekea misumari.

Doto akasema anakwenda machimboni. Mvua zilikuwa zimekataa, ng'ombe wamebaki wa kuhesabika, na alikuwa amepata mchumba. Mama yake alikataa. Hakukataa kwa maneno mengi, aliacha kula chakula anacholetewa. Doto anakirudisha nyumbani, kesho analeta tena, hakiliwi. Siku nyingi ziliendelea hivyo. Mwishowe Doto akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nitavaa kofia. Hata nikilala nitaivaa."

"Apa."

"Naapa mbele ya Shija."

Mama Kulwa akaangalia rafu. Mimi, kwa utani wangu, nikamwaga misumari nikamtupia Doto ile iliyolala usingizi. "Kaka, chukua hii, imeshazoea kubeba vitu vizito visivyo na akili." Doto akaivaa, akapiga saluti, akacheka. Mama akamvua. Akaigonga, dup. Akainuka, akaenda kwenye zile mpya, akagonga moja, akagonga nyingine, akarudi kwenye ile ya kwanza. Alichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akichagua kitu. Aliyoichagua ilikuwa na sauti ambayo uliisikia mpaka barabarani. Akamvalisha yeye mwenyewe, akamfunga kamba ya kidevu, akamwambia, "Haya, nenda ng'wanawane." Mwanangu, nenda.

Alitimiza kiapo. Wenzake walisema hivyo wote, kwamba walikuwa wanamtania, hata akinywa uji amevaa. Siku moja jiwe dogo lilimgonga akiwa chini, kofia haikubonyea, akapanda juu akawaonyesha watu, haina hata alama. Akasema, "Hii kaichagua mama yangu." Baada ya hapo, siku nyingine, likaanguka jiwe lingine. Halikuwa kubwa. Aliyekuwa naye alituonyesha kwa mikono, ukubwa wa kiazi kitamu. Kofia ilipasuka katikati.

Tulimzika Samuye. Mimi nilichimba kaburi pamoja na vijana wa pale, kulikuwa hakuna utani ndani yangu hata wa kutema. Kulwa alikuja kutoka Segese, akaanguka mlangoni, wanawake wakamshika. Mama Kulwa hakuanguka. Alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, mpaka mchimbaji aliyeleta mwili akafungua kitambaa akatoa vile vipande viwili vya kofia. Sijui kwa nini alivileta. Labda aliona ni mali ya marehemu. Watu wakamzomea aviondoe, mama akanyoosha mkono.

Akashika kipande, akakigeuza, akaangalia pale palipokatika. Akapitisha kidole gumba. Mchanga ulikuwa unatoka, mkavu, unamwagika kwenye kanga yake. Palipokatika palikuwa na punje moja nene, yenye makali, unaiona kwa macho, na mstari wa ufa ulikuwa unaanzia pale. Nyuzi zilikuwa chache zimechomoka safi kama nywele, hazikushika kitu. Akaniita nisogee. Akasema kwa sauti ndogo, kama tuko kazini, "Shija, ona. Hazikuvaa koti."

Ni hayo tu.

Nilidhani hatarudi karakana. Alirudi baada ya matanga, kichwa amenyoa, akakaa palepale chini. Bwana Seif alikuja kumpa pole, maneno yakamkwama kwa lugha zote mbili. Mama Kulwa akamwambia, "Boga." Nikaleta boga, sikulipa jina. Akalivalisha kofia ya sauti nzuri, akanituma nipande ngazi. Nikadondosha jiwe. Tiing, likaruka, boga zima. Mafundi walikuwa wameanza kugeuka kurudi kazini. Akasema, "Lingine. Palepale." Nikashuka, nikaliokota, nikapanda, nikadondosha palepale. Kofia ikafunguka kama yai na boga likamwagika mbegu zote sakafuni.

Hatukuwahi kudondosha jiwe la pili. Chungu hukipimi mara mbili, utakivunja, utauza nini?

Nikaleta ile ya misumari. Jiwe la kwanza, ikabonyea. La pili, ikabonyea zaidi. Nikaendelea mpaka mkono ukauma. Ilikuwa imekunjamana kama uso wa mlevi, nyuzi nyeupe zimetokeza, lakini boga lilikuwa zima. Mama Kulwa akasimama, akaenda uani. Tulimsikia kutoka ndani. Huko kwenye mkeka hakulia hivyo.

Basi, hiki ndicho mlichoniuliza, chukueni. Unga unaongeza ugumu, na ugumu si nguvu. Ugumu ni kukataa kubonyea, na kitu kinachokataa kubonyea kabisa, pigo lote linabaki ndani yake likitafuta pa kutokea. Punje nene ndipo linapoanzia. Unga ukiwa na unyevu, asali haiushiki. Unga ukijikusanya vidonge, kila kidonge ni shimo. Ukizidi, asali haitoshi kuvisha kila punje, hapo umetengeneza mchanga uliopakwa rangi. Kwa beseni, sawa, ongeza, beseni haliangukiwi na mlima. Kwa kofia, unga uwe kidogo na laini, nyuzi usipunguze hata ukililiwa. Jiwe la pili lazima. Na fungeni kitambaa chenye maji puani, si kwa ajili yangu, mimi nimeshachelewa.

Kofia tukarudia zile za kwanza. Zikawa chache na zote bubu, na Katoro hawakuzitaka. Zikarudi mara ya kwanza, zikarudi mara ya pili. Bwana Seif akasema, "Mama, tutafunga." Mama Kulwa akasema atakwenda mwenyewe, mimi nibebe mzigo.

Tulitandika gunia sokoni, tukazipanga. Akaja mchimbaji, kijana, shati halina vifungo, anajiamini. Akainua moja, akagonga. Dup.

"Mama, hii mbovu."

"Si mbovu, baba."

"Haina sauti. Zile za juzi zilikuwa zinalia vizuri. Huna zile?"

"Zile tumeacha."

"Mbona mnaacha kizuri?"

Mama Kulwa akafungua kanga kiunoni, akatoa vile vipande viwili, akaviweka juu ya gunia. Akavikutanisha vikawa kofia. Kisha akakigonga kipande kimoja kwa kifundo. Hata kipande kilikuwa bado na sauti.

"Hii ilikuwa inalia vizuri," akasema. "Ya mwanangu."

Yule kijana alivua kofia yake mwenyewe, ya kwetu, ya sauti nzuri, akaishika mkononi kama imemchoma. Akauliza kwa heshima, "Shikamoo mama. Alikuwa anaitwa nani?" Akamwambia, Doto. Wakaja wengine. Alikuwa anawaonyesha mmoja mmoja, kila mara anavikutanisha na kuvigonga. Mimi nilikaa nyuma yake nikashindwa kuinua uso. Jioni gunia lilikuwa tupu, na alikuwa amekusanya zile mbaya walizozivua wachimbaji, akaniambia tuzivunje hapohapo. Tukazivunja kwa nyundo. Kwa mara ya kwanza niliongea kazini asiniambie ninyamaze.

Alifanya hivyo kila soko, miaka mingi, mpaka magoti yakamkatalia akarudi Samuye. Nimekwenda naye sokoni kununua chungu mara nyingi tangu hapo. Hagongi. Anakishika kwa mikono miwili, anakaa nacho, kisha ananunua au anaacha. Sijawahi kumuuliza anasikiliza nini.

Mwaka huu kikohozi kilipokataa kuondoka nilikwenda hospitali. Daktari, kijana kama nyinyi, akanivua shati, akaweka kidole mgongoni, akakigonga kwa kidole kingine. Akasogea, akagonga. Akainamisha kichwa, akasikiliza. Nilifahamu sauti zote mbili kabla hajaniambia. Huku juu palikuwa na sauti nzuri, huku chini dup.

"Huku chini ndiko kuna matatizo," akasema.

"Daktari, na pale panapolia vizuri umepaamini kwa mara moja tu?"

Alidhani natania. Nami nilikuwa natania, kwa sehemu. Aliandika kwamba vumbi la mawe limekaa mapafuni na kazi basi.

Nikaenda Samuye kumwambia Mama Kulwa kabla hajasikia kwa watu. Nilianza na mzaha, nikamwambia, mama, nimejaa marudio, ukinichekecha hukosi dhahabu. Hakucheka. Akanigeuza, akapandisha shati langu. Nikafumba macho nikingojea kidole.

Hakugonga. Aliweka kiganja chote mgongoni, kizito, chenye joto, akakiacha pale.

"Pumua, Shija wangu," akasema.

Nikapumua.